Vilele vya ziada kwenye FTIR ya 2-fluoro-N-sulfinilanilini, ni konfoma mbili kweli?

kijana_wa_maabara

Habarini wakuu, naomba mnisaidie maana nimekwama wiki ya tatu sasa na supavaiza yuko safari. Nafanya masta ya kemia hapa Dar, kampaundi yangu ni 2-fluoro-N-sulfinilanilini, yaani anilini yenye florini moja kwenye nafasi ya pili ya pete alafu pale palipokuwa na NH2 pamegeuzwa pakawa N=S=O. Nimeitengeneza kwa njia ile ya siku zote, 2-fluoroanilini na thionili kloraidi ndani ya toluini kavu, nikachemsha chini ya kondensa mpaka gesi ya HCl ikaacha kutoka, nikaivuta toluini yote na kilichobaki nikakidistili kwa vakyumu. Kimetoka kimiminika cha njano kizuri tu.

Kazi yenyewe ni kujua molekuli imekaaje, yaani ina konfoma (mkao unaopatikana kwa kuzungusha bondi) ipi, kwa sababu F inaweza kuwa upande ule ambao NSO imeinamia au upande wa pili wa pete. Nikaweka tone katikati ya vidirisha viwili vya chumvi ya KBr nikapiga FTIR, kile kipimo cha mwanga wa infraredi (IR). Kilele kikubwa kipo karibu na 1290 cm⁻¹ na kingine karibu na 1170, hivyo ndo vya NSO nilivyokuwa navitegemea. Lakini kuna bega limetokeza karibu na 1340, na lile kubwa la 1290 lenyewe halina umbo safi, limepanuka upande mmoja. Alafu kuna viwili vidogo karibu na 3390 na 3480 ambavyo nlivipuuza nikijua ni unyevu wa KBr tu.

Nikafanya hesabu kwenye laptopu, njia ya B3LYP na seti ya besi 6-31G(d), nikaanza na miundo miwili, F upande huu na F upande ule, zote nimezilaza bapa. Zote zimekubali kuoptimaizi ila ile yenye F upande wa oksijeni imekuja na frikwensi moja hasi. NMR ya florini (kipimo cha kiini cha atomu kwenye sumaku) nilipimiwa sehemu nyingine, imerudi na signali moja tu. Sasa mimi nimeandika kwenye rasimu kwamba 1290 ni konfoma ya kwanza na 1340 ni konfoma ya pili, lakini usiku nikilala naona kama najidanganya, kwa sababu NMR inasema moja, IR inasema mbili, na hesabu inanipa kitu chenye alama ya hasi. Nishike lipi?

mama_spektra

Mdogo wangu, kabla hatujafika kwenye konfoma nijibu kitu kimoja. Ulipofungua chupa kuchukua lile tone, ulisikia harufu gani? Na kutoka kufungua chupa mpaka kubonyeza skani zilipita dakika ngapi?

kijana_wa_maabara

Shikamoo mama. Harufu kama ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Dakika sijahesabu, labda kumi na tano maana kulikuwa na foleni ya mashine na ile siku AC ilikuwa haifanyi kazi.

mama_spektra

Marahaba. Basi hapo ndo pa kuanzia. Iyo harufu ni SO2. Hizi kampaundi za NSO kwenye pete maji ni adui yao mkubwa, molekuli moja ya maji inatosha kuirudisha nyuma, unapata anilini yako uliyoanza nayo pamoja na SO2. Na wewe uko Dar, AC imezima, tone limekaa wazi dakika kumi na tano juu ya KBr ambayo yenyewe inakunywa unyevu kama sponji, mimi hapo sishangai kabisa.

Angalia namba zako tena taratibu. Unyevu wa KBr hautoi vilele viwili vyembamba, unatoa mlima mmoja mpana kuanzia kama 3600 kushuka mpaka 3200 na kengine karibu na 1640. Wewe una viwili vyembamba, 3390 na 3480. Iyo ni jozi ya NH2 ya anilini, mmoja ni mtikisiko wa pamoja na mwingine wa kupishana. Nenda kaangalie na karibu na 1620, ukikuta kilele hapo ni NH2 inajikunja kama mkasi. Na bega la 1340 ndo SO2 yenyewe. SO2 ikiwa gesi huru kilele chake kikali kipo 1362, ikiwa imeyeyuka kwenye kimiminika inashuka kidogo na inaangukia pale pale ulipoandika. Kile chake cha pili kipo karibu na 1150, kwaiyo kimejificha chini ya 1170 yako na hukukiona.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mashine ya ajabu. Chukua sampuli mpya iliyodistiliwa siku iyo iyo, sirinji iliyokaushwa kwenye oveni, chini ya naitrojeni, piga skani haraka. Alafu usiitoe, iache hapo hapo kwenye mashine, piga tena baada ya dakika 5, 10, 20, 40. Konfoma mbili zilizo kwenye mizani haziongezeki kwa muda, uwiano wao unabaki ule ule kama joto halijabadilika. Kinachokua kila ukipiga skani ni kitu kinachozaliwa. Kama 1340, 3390 na 3480 zinapanda pamoja na 1290 inashuka, usitafute mchawi mwingine.

Na vidirisha vyako vikishakuwa na ukungu usivitumie, visugue kwanza mpaka vingae. Wengine watakwambia tumia CaF2 kwa sababu haiyeyuki kwenye maji, ni kweli, ila inakukatia mwanga kuanzia kama 1000 kushuka chini na wewe unahitaji mkunjo wa NSO ambao uko chini zaidi ya hapo. Baki na KBr ila ukae nayo kwenye desiketa.

fundi_wa_orka

Nakubaliana na mama hapo juu mia kwa mia. Mimi nije kwenye upande wa hesabu, na nianzie kwenye neno konfoma maana naona umechanganya mizunguko miwili.

Mzunguko wa kwanza ni wa C–N=S=O. NSO haijanyooka kama CO2, imepinda, ichukulie kama SO2 ambayo oksijeni moja imetolewa ikawekwa N yenye pete. Kwenye HNSO, ile ndogo kuliko zote, mikrowevu ilionyesha pembe ya NSO ni kama nyuzi 120, bondi ya N=S kama 1.51 Å na S=O kama 1.45 Å. Sasa C na O zinaweza kuwa upande mmoja wa bondi ya N=S, tunaita sini, au pande tofauti, anti. Familia hii yote inapenda sini. Sababu kubwa ni kwamba ukiwa sini jozi pweke ya naitrojeni inakuwa inaitazama bondi ya S=O kwa mgongo, zile elektroni zinapata pa kumwagikia. Kwaiyo oksijeni haiendi mbali na pete, inarudi nyuma kuelekea pete, kama ndoano.

Chora kwenye karatasi utaona uzuri wake. Anza na H iliyo jirani kwenye pete, kaboni yake, kaboni iliyobeba N, alafu N, S, O, na O inakaribia kuirudia ile H uliyoanzia. Umepata kama pete ya pili ya atomu sita, imefungwa na mvuto mdogo kati ya H na O. Ndo maana ile isiyo na florini inalala bapa.

Mzunguko wa pili ni wa pete yenyewe kwenye bondi ya C–N, na hapa ndo swali lako la F lilipo. Ukiitoa H pale mbele ya oksijeni ukaweka F unaharibu ule mvuto. Bondi ya C–H ni kama 1.08 Å, C–F ni kama 1.35, kwaiyo F inatokeza zaidi, alafu F na O zote zina chaji hasi na jumla ya radii zao za van der Waals ni karibu 2.99 Å wakati ya H na O ni 2.72. Yaani umeleta mtu mnene zaidi kwenye nafasi ile ile na hawapendani. Kwaiyo F kuwa upande wa pili, upande wa jozi pweke ya N, ndo dau langu, japo hata huko haikai raha sana maana jozi pweke nayo ni hasi.

Sasa ile frikwensi hasi. Hasi moja maana yake hauko bondeni, uko juu ya mgongo wa mlima, ukiisukuma molekuli kidogo kufuata ule mwendo inateremka. Ukifungua ule mwendo kwenye Avogadro, ile programu ya kuangalia molekuli, ninakuhakikishia utaona pete inajigeuza kutoka nje ya bapa, maana wewe uliilaza bapa kwa nguvu na optimaiza ikashindwa kutoka kwa sababu kwenye bapa kamili nguvu za kando zinakuwa sifuri. Kile kitu sio konfoma, ni njia ya kupitia kwenda kwenye konfoma, na usiichukue nishati yake kulinganisha na nyingine. Igeuze pete kwa mkono nyuzi 20 hivi, zima simetria, optimaizi tena, piga frikwensi tena mpaka hasi ipotee.

Bora zaidi fanya skani ya mzunguko mzima kutoka 0 mpaka 180 kwa kila nyuzi 15, ni pointi 13 tu, kila pointi ukiiacha molekuli iliyobaki ijipange yenyewe. Ila chunga kwenye programu za hesabu, ORCA inahesabu atomu kuanzia 0 na Gaussian inaanzia 1. Nimeshaona mtu amezungusha haidrojeni ya pete wiki nzima akidhani anazungusha NSO, mchoro wa skani ukatoka mzuri tu ila hauna maana yoyote.

Na 6-31G(d) kwa salfa ya namna hii haitoshi kabisa. Salfa yenye bondi mbili za hivi inadai fankshoni za d zilizobana, la sivyo S=O inatoka ndefu na frikwensi zake zinashuka. Tumia angalau seti kubwa zaidi ya def2-TZVPP, au zile za Dunning zenye +d kwa salfa, na uongeze dispashoni ya Grimme, yale marekebisho ya mvuto hafifu kati ya atomu. ORCA kwa mwanafunzi ni bure, Psi4 pia ni ya bure kabisa, molekuli ya atomu 14 laptopu inaimudu ukiiachia usiku kucha. Frikwensi zikitoka zizidishe na kama 0.97 kabla hujaziweka kando ya spektra, maana hesabu inadhani bondi ni springi kamilifu na bondi sio springi kamilifu.

kijana_wa_maabara

Daah asanteni sana. Mkuu fundi, ukifungua ule mwendo ni kweli pete inajigeuza, nimeangalia sasa hivi. Swali dogo tu, nikishapata nishati mbili halali, tofauti gani inatosha kusema konfoma ya pili ipo au haipo?

fundi_wa_orka

Tumia Boltzmann. Kwa nyuzijoto 25, tofauti ya kilokalori 0.5 kwa moli inakupa kama 70 kwa 30, kilokalori 1 inakupa 84 kwa 16, kilokalori 2 inakupa 97 kwa 3. Kwaiyo ukipata 3 au 4, ya pili huioni kwenye FTIR ya kawaida hata ufanyeje. Tumia nishati huru ya Gibbs na sio ile ya elektroni peke yake. Na kama moja imegeuka nje ya bapa ujue ina pacha wake wa kwenye kioo, kwaiyo inahesabiwa mara mbili, iyo inaipa nafuu ya kama kilokalori 0.41 ambayo programu haikuwekei yenyewe.

Ila kuwa mwangalifu, B3LYP kukosea kilokalori 1 ni jambo la kawaida. Ukipata tofauti ya 0.6 usiandike sentensi yenye uhakika, rudia nishati kwa DLPNO-CCSD(T), njia sahihi zaidi, juu ya jiometri ile ile, ipo ndani ya ORCA hiyo hiyo.

mfamasia_mtaani

Samahanini naingilia, mimi ni mfamasia nimevutiwa tu na mjadala. Hivi kujua F iko upande gani kwenye kitu ambacho hata maji hakivumilii kunasaidia nini?

mama_spektra

Swali zuri wala usiombe samahani. Bondi ya salfa na naitrojeni unaishika kila siku hapo dukani kwako, SP wanayopewa wajawazito kliniki kwa ajili ya malaria ile S yake ni sulfadoksini, na ni sulfonamidi. Kampaundi hizi za NSO zenyewe sio dawa, ni malighafi. Kwa sababu salfa yake ina njaa, ukiiletea kaboni yenye elektroni inashika pale pale, na kutoka hapo unajenga sulfonamidi, sulfoksimini na ndugu zao. Kundi la Michael Willis pale Oxford limefanya kazi nyingi nzuri na vitendanishi vya namna hii miaka ya karibuni. Sasa kitendanishi kinaishambulia salfa kutoka upande ulio wazi, na upande ulio wazi unategemea pete na F zimekaaje. Kwa mtu anayetaka kujua kwanini riakshoni moja inakwenda na jirani yake inagoma, hicho ndo kitu cha kwanza cha kukijua.

mzee_wa_rezonansi

Nimechelewa ila nijibu lile la NMR maana limepitwa na ndo lilikuwa linamnyima kijana usingizi. NMR na IR hazigombani hapo hata kidogo, ni kamera mbili zenye kasi tofauti. Mashine ya NMR ya 400 MHz inaipima florini kwa kama 376 MHz, kwaiyo konfoma mbili zikitofautiana ppm 1 ni Hz 376. Ili uzione kama signali mbili inabidi zibadilishane chini ya mara 800 na kitu kwa sekunde. Sasa kizuizi cha kuzungusha pete kikiwa mathalani kilokalori 5, kwa joto la chumbani molekuli inavuka zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde. NMR inaona wastani tu, signali moja safi, hata kama konfoma zipo mbili. IR yenyewe mtikisiko wa 1290 cm⁻¹ unapiga karibu mara trilioni 39 kwa sekunde, kwaiyo inamkamata kila mmoja alipo kabla hajageuka. Kwaiyo usije ukaandika kwamba signali moja ya NMR inathibitisha konfoma moja, mtahini atakukamata hapo.

Ila hiyo NMR usiitupe, ina kazi nyingine. Rudi kaangalie kama pembeni kuna kisignali kidogo cha 2-fluoroanilini. Signali zake ziko mbali na za NSO, na zikiwepo unaweza kupima asilimia ngapi ya sampuli ilishaharibika kabla hata haijafika kwenye IR.

Na kuhusu kule kupanuka kwa 1290, usikimbilie konfoma wala usikimbilie SO2. Eneo la 1200 mpaka 1260 ndipo mtikisiko wa C–F ya pete unapokaa, na kama thionili kloraidi haikuondoka yote S=O yake nayo iko karibu na 1230. Juu ya hapo kuna rezonansi ya Fermi, yaani mtikisiko mwingine wa chini, tuseme wa 645, mara mbili yake inaangukia 1290, zikiwa na simetria moja zinaazimana ukali na unaona vilele viwili wakati mtikisiko halisi ni mmoja. Ili kutenganisha, badilisha joto. Chukua uwiano wa maeneo ya hivyo vilele kwenye joto tano au sita, chora logi yake dhidi ya 1/T. Konfoma mbili zinakupa mstari na mteremko wake ndo tofauti ya enthalpi. Rezonansi ya Fermi haitembei na joto kwa utaratibu huo.

Piga pia na spektra ya N-sulfinilanilini ya kawaida isiyo na florini, na ya 2-fluoroanilini, uziweke zote tatu kwenye karatasi moja. Kilichopo kwenye zote zenye F ni cha F, kilichopo kwenye zote zenye NSO ni cha NSO. Njia ya kizamani hii lakini imeniokoa mara nyingi.

kijana_wa_maabara

Wakuu nimerudi na majibu. Jana nimedistili upya, nikachukua sirinji kutoka oveni, naitrojeni, vidirisha nimevisugua mpaka vikang'aa. Skani ya kwanza nimeipata chini ya dakika mbili. 3390 na 3480 hazionekani kabisa, na 1340 imebaki kama kivimbe ambacho bila kuambiwa usingekiona. Nikaacha tone pale pale kama mama alivyosema. Dakika ya 10 zile za juu zikaanza kuchomoza, dakika ya 20 na 1620 ikaja, dakika ya 40 bega la 1340 limerudi vile vile kama kwenye rasimu yangu na 1290 imepungua waziwazi. Nimezipanga skani zote tano juu ya nyingine, ukiangalia unaona kabisa huku kunashuka na kule kunapanda. Na kwenye NMR ile ya mwanzo, mzee, kisignali cha pembeni kipo, nilikiona siku ile nikakiita uchafu.

Kwaiyo aya nzima ya konfoma ya pili nimeifuta. Skani ya nyuzi 15 inaendelea kwenye laptopu na def2-TZVPP, imefika pointi ya 9.

Ila kule kupanuka kwa 1290 bado kupo hata kwenye sampuli mpya kabisa. Thionili kloraidi sidhani, inachemka 76 na mimi nilivuta mpaka toluini ya 111 ikaisha. Wiki ijayo nimepata nafasi ya seli yenye kupashwa joto, nitaanza na 25 nipande mpaka 75 kwa kila nyuzi 10.

mzee_wa_rezonansi

Safi sana kijana. Unapopasha, kila joto subiri dakika chache litulie, na ukifika 75 ushuke upige tena 25. Kama spektra ya 25 ya kurudi haifanani na ya kwenda basi sampuli imeharibika njiani na ule mstari wako wa 1/T utakuwa unapima maji.

mama_spektra

Na hiyo seli ipime kwanza ikiwa tupu, uione haina chochote kwenye 3400. Sampuli igawe leo kwenye ampuli ndogo ndogo, uzibe kwa moto chini ya naitrojeni, kila kipimo ampuli yake. Chupa moja ya kufungua na kufunga usirudie tena.

kijana_wa_maabara

Sawa mama, ampuli nimeshaazima 12 kwa jirani wa ghorofa ya juu, naziba jioni hii kabla mvua haijaanza.